"Sikubali" ya Dada Saloma

Jumatatu ni siku ya kufua, na kaka yangu Reuben hatoki kwake Jumatatu, kwa sababu mkewe humtaka awe karibu kuzungusha mashine. Kwa hiyo nilipoliona gari lake la farasi likiingia uani kwangu asubuhi, nilisimama na ndoo mkononi nikimngoja. Alishuka, akamfunga farasi kwenye uzio, akaichomeka ncha ya kamba ndani ya fundo kama alivyofanya maisha yake yote. Ndipo aliponigeukia. Hakuwa na kofia, na kwetu mwanaume hatoki nyumbani bila kofia.

"Atlee," alisema, "dada yetu ametutoka."

"Dada yupi?" niliuliza, ingawa tulikuwa naye mmoja tu.

"Saloma. Alikuwa anaanika nguo. Mahlon anasema alimwona anakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Alipomfikia alikuwa ameshakwenda."

Mke wangu Wilma alitoka jikoni na unga mikononi, akautazama uso wangu, akarudi ndani bila kuuliza akaweka kahawa motoni. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Niliyasema maneno hayo kwa sauti kwa kuwa ndiyo tuliyofundishwa kusema.

Reuben hakuigusa kahawa. Aliufungua mkono wake wa kulia juu ya meza, ule wenye kovu la moto kiganjani, akaufunga tena.

"Siku ya mazishi mhubiri atasoma juu ya kuumbwa kwa mwanadamu, na juu ya mavumbi," alisema. "Juu ya Saloma hatasema neno."

"Ndiyo desturi. Marehemu hasifiwi."

"Najua, na sisemi iwe vingine. Lakini wajukuu zake wanadhani bibi yao alikuwa mtu wa mikate tu. Wewe ulisoma sekondari kwa njia ya posta, una maneno. Andika."

"Niandike nini?"

"Ile ya mabanda."

Niliweka kikombe chini. "Ile ilisamehewa, Reuben. Haitajwi."

"Haitajwi na aliyesamehe. Mimi ndiye niliyesamehewa, na mimi nakupa ruhusa. Andika na jina langu."

Basi naandika.

Baba yetu, Roman Hershberger, alikuwa mtu wa mbao. Msumeno ulikuwa umemla kidole gumba cha kushoto kabla sisi hatujazaliwa, kwa hiyo alijitungia fundo lake la kufungia farasi, fundo linalozunguka mara mbili upande usio wa kawaida kwa sababu ya mkono wake mbovu. Alitufundisha sisi wanawe wawili fundo hilohilo, ingawa vidole vyetu vilikuwa vizima. Hakuna mtu mwingine bondeni kwetu aliyelifunga. Reuben alilifunga vizuri na kuichomeka ncha ndani. Mimi niliiacha ncha ikining'inia, na baba hakuchoka kunigombeza: "Atlee, hiyo ni kamba au mkia wa nguruwe?"

Saloma alikuwa wa katikati, mdogo wa Reuben na mkubwa wangu. Alikuwa na mikono mikubwa na kicheko ambacho mama alijaribu kukipunguza bila mafanikio. Alioka mikate na kuuza kachumbari ya matango barabarani. Aliweza kurudisha nyuma gari la farasi wawili kwenye njia nyembamba vizuri kuliko wanaume wengi, na alipomaliza alipenda kuwatazama wanaume hao na kuuliza, "Nani mwingine amekwama?"

Mahlon Troyer alimpendea hilo, nadhani. Bonde letu lilikuwa na akina Mahlon Troyer wanne, na kila mmoja alikuwa na jina la kumtofautisha: Mahlon Mrefu, Mahlon wa Kinu, Mahlon Mapacha, na huyu wetu, Mahlon Siagi, kwa sababu utotoni alikaa juu ya sahani ya siagi katika harusi ya mtu na hakusema neno mpaka watu walipoinuka. Ndivyo alivyokuwa hata ukubwani. Angeweza kukaa juu ya jambo baya saa nzima ili asimsumbue mtu.

Kwetu uchumba ni siri mpaka shemasi autangaze kanisani. Lakini mwaka Mahlon alipomchumbia Saloma, mama alipanda seleri, mboga ya karamu za harusi kwetu, nyingi kupita kiasi bustanini, na kila anayepita njiani alijua seleri nyingi ni za karamu ya nani. Majirani walipunguza mwendo wa farasi wao wakipita.

"Mama Hershberger, mwaka huu mnafuga sungura?"

"Tunapenda supu," mama alijibu, na masikio yake yakawa mekundu.

Kiangazi hicho mabanda yalianza kuungua. La kwanza lilikuwa la mjane mmoja upande wa pili wa kilima, na watu walisema ni nyasi zilizovunwa na unyevu, zikapata joto na kujiwasha zenyewe. La pili halikuwa na nyasi mbichi. La tatu lilikuwa la Shemasi Perry Mast, nalo liliungua mchana kweupe, watu wakiwa mashambani. Farasi wote wa shemasi walikutwa hai, wamefungwa kwenye miti kando ya kijito, mbali na moshi. Yeye mwenyewe aliwakuta hapo kabla gari la zimamoto halijafika, akapiga magoti kwenye matope.

"Malaika," alisema akilia. "Malaika amewatoa farasi wangu."

Saloma, aliyekuwa akifanya kazi kwa shemasi siku hiyo, alikimbia kusaidia kama sisi sote. Yeye ndiye aliyemfungua jike la kahawia la shemasi kutoka kwenye mti. Nilimwona akisimama na kamba mkononi muda mrefu, nikadhani ni hofu. Reuben alifika na wenzake wa zimamoto, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliojitolea, na kama kawaida yake ndiye aliyepanda juu kabisa ya ngazi. Watu walimpigapiga mgongoni. Alipenda kupigwapigwa mgongoni.

Ila kuna mtu alikuwa amemwona farasi wa Mahlon, yule mweusi mwenye soksi nyeupe aliyewahi kukimbia mashindano, amefungwa pembezoni mwa msitu wa shemasi mchana huo. Shemasi alimwendea Mahlon.

"Farasi wako alikuwa pale?"

"Alikuwa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mahlon alinyamaza. Alikuwa anamngoja Saloma, aliyekuwa akimsaidia mke wa shemasi kuhifadhi matunda, ili amrudishe nyumbani kwa njia ya nyuma. Kulisema hilo kungemwanika msichana: saa ya mchana, msituni, kabla ya kutangazwa. Meza ya Bwana ilikuwa inakaribia, na kwetu Meza haiandaliwi kama kanisa halina amani. Shemasi alimwambia kwamba jambo hili lisipokwisha hakuna atakayeshiriki. Basi Mahlon akaketi juu ya siagi kwa mara ya pili. Jumapili iliyofuata alipiga magoti mbele ya washirika wote akasema amekosa, moto ni wake, anaomba uvumilivu wa Mungu na wa kanisa.

Alitengwa wiki sita, kama ilivyo taratibu. Mama yake alimwekea meza ndogo pembeni, kitambaa kilekile lakini meza nyingine, na hakupokea sahani kutoka mkononi mwake.

Saloma alimfuata hadi kwenye zizi lao. Nilimpeleka mimi, nikabaki kwenye gari, lakini hawakunong'ona.

"Kwa nini umedanganya, wewe mwanaume?"

"Ni wiki sita tu, Saloma. Zikiisha wananisamehe, na lililosamehewa halitajwi tena. Novemba tunaoana. Nani atakumbuka?"

"Wote watakumbuka! Hawatasema, lakini watakumbuka. Kila banda likitoa moshi watakutazama wewe. Watoto wetu watakuwa watoto wa mchoma mabanda, na hata kusema si kweli hawataruhusiwa, kwa sababu halitajwi!"

"Basi nifanye nini? Nikutaje wewe?"

"Nitaje!"

"Siwezi."

"Na aliyechoma kweli, je? Naye amesamehewa?"

Mahlon alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa karibu kuwaangamiza wote wawili.

Saloma alikwenda kwa Askofu Joas Yutzy akamweleza juu ya njia ya nyuma na msitu, bila kujificha. Mzee yule alimsikiliza kwa upole. "Binti, ulifika msituni baada ya moto kuanza, sivyo? Kwa hiyo hukuona. Naye amekiri kwa kinywa chake, magotini. Yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

"Hayajapita, Askofu."

"Unasemea moyo wako."

"Nasemea macho yangu," alijibu, lakini macho yake yaliona nini hakusema. Kulisema kungekuwa kumshtaki mmoja wa nyumba yake, na hakujua bado ni yupi.

Wiki sita zilipokwisha, ibada ilifanyika kwa akina Mast, katika karakana, kwa kuwa banda halikuwepo tena. Watoto na wasiobatizwa walitolewa nje. Askofu aliuliza kama kanisa liko tayari kumpokea Mahlon, na kama ilivyo kwetu, mhubiri mmoja alipita kwenye mabenchi ya wanaume na shemasi akapita kwa wanawake, wakiinama kwa kila mtu apate kunong'ona jibu lake. Hilo huchukua muda, na kwa kawaida ni mnong'ono mmoja unaorudiwa: nakubali, nakubali, nakubali. Shemasi alipofika kwa Saloma alibaki ameinama. Kisha akamwinamia tena, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Sikubali," Saloma alisema, na safari hii hakunong'ona.

Mama aliinamisha kichwa mpaka kofia yake nyeupe ikamfunika uso. Mahlon, aliyekuwa amekaa peke yake mbele, kichwa mikononi, hakuinuka kutazama. Askofu aliuliza sababu.

"Siwezi kumsamehe mtu kosa ambalo hakulitenda."

"Yeye anasema alilitenda."

"Basi nangoja aseme vingine. Au mwingine aseme."

Hakukuwa na umoja, kwa hiyo Meza ya Bwana iliahirishwa. Sijui kama msomaji asiye wa kwetu anaweza kuuelewa uzito wake. Kanisa zima, vikongwe waliokuwa wanaogopa kufa kabla ya kushiriki, wote walizuiwa na neno la msichana mmoja muuza kachumbari. Walimjia jikoni wawili wawili. Wengine walilia, wengine walimuuma kwa maneno.

"Mwanamke anayemkatalia mchumba wake msamaha, atampikia nini akiolewa?"

"Supu ya seleri," Saloma alijibu, "kama itabaki."

Haikubaki. Mwanaume aliyetengwa haoi. Novemba ilikuja, baridi ikaipiga seleri ikalala chini nyeusi, na mama hakuing'oa. Mahlon alimwambia dada yangu njiani, mbele za watu: "Kanisa zima limenisamehe isipokuwa wewe." Saloma aliingia ndani akakanda mkate wa kutosha familia tatu. Kicheko chake sikukisikia tena mwaka ule.

Jumatatu moja alikuta kitu kimefungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, katikati ya mashuka. Kilikuwa kipande cha hatamu kilichoungua, kikitoa harufu ya moshi. Aliyekileta alitaka kumwambia anyamaze, na alifanya kosa ambalo mtu wa nyumba yetu peke yake angeweza kulifanya: alikifunga kwa fundo la baba, lilelile Saloma alilolifungua kwenye mti wa shemasi. Mkono uliozoea hauulizi ruhusa.

Siku hiyohiyo alinijia kwenye zizi. "Atlee, nifungie huyu ng'ombe."

"Huyu? Huyu anajua kusimama kuliko wewe."

"Mfunge, nimesema."

Nilimfunga. Aliinama akalitazama fundo, na ile ncha yangu iliyokuwa inaning'inia, kwa muda mrefu. Kisha alipitisha mkono wake mkubwa juu ya kichwa changu kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

"Mkia wa nguruwe," alisema. "Mungu akubariki kwa uvivu wako."

"Kwani kuna nini?"

Alinionyesha hatamu ile iliyoungua. Ncha ilikuwa imechomekwa ndani. Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia.

"Tumwambie baba," nilisema.

"Bwana wetu alisema ndugu yako akikosa, nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Kesho nakwenda. Asiponisikia nachukua wa pili, na wa pili ni wewe."

Yaliyotokea kesho yake sikuyaona. Nayasema kama Reuben mwenyewe alivyoyasema kanisani. Sote tulikuwa kwa jirani tukimenya mahindi. Saloma alikwenda kumtafuta Reuben kwake, hakumkuta, akarudi nyumbani. Aliwakuta farasi wetu wamefungwa kando ya kijito. Alielewa, akakimbia kuingia ndani ya banda la baba yetu. Reuben alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi kavu, moto mdogo ukiwa umeshaanza mbele yake.

"Toka," alimwambia.

Saloma hakutoka, wala hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi, mkabala naye, akakunja miguu na kutandaza aproni yake juu ya magoti.

"Saloma, toka! Litashika!"

"Farasi umewatoa," alisema. "Na mimi nitoe, kama unaweza. Au choma."

Reuben alisema kwamba alimtazama usoni, akaona hatikisiki, na kwa mara ya kwanza aliuogopa moto. Aliupiga kwa kofia, kofia ikashika, akaumalizia kwa viganja vyake. Kisha walikaa pale wote wawili wakikohoa. Saloma aliyafunga majeraha yake kwa aproni. Alimuuliza swali moja tu: kwa nini?

"Mnaponiita kuuzima," alijibu, "huwa mnafurahi kuniona."

Katika baraza la kanisa lililofuata hapakuwa na haja ya kungoja mtu apite mabenchini kwanza. Reuben aliinuka, mikono imefungwa vitambaa, akaenda mbele akapiga magoti. Baada yake Mahlon alilazimika kupiga magoti tena, safari hii kwa kosa la kukiri kosa ambalo si lake. Askofu Joas alisema katika miaka yake yote hajawahi kupokea toba ya toba. Shemasi alipopita kwa wanawake na kumfikia Saloma alimnong'oneza kwa muda mrefu, naye akajibu kwa kichwa. Alikuwa analia.

Reuben alijipeleka mwenyewe kwa mkuu wa polisi wa kaunti, akafungwa. Mahlon alisimama nje ya uzio wetu, kofia mkononi.

"Nilidhani umenikataa."

"Nilikataa ulichosema," Saloma alimwambia. "Wewe sikukukataa hata siku moja, mjinga wewe."

Walioana vuli iliyofuata. Mama alipanda seleri, alipika, alihudumia, lakini alifanya yote akiwa amewapa mgongo bwana na bibi harusi. Mwana wake mmoja alikuwa gerezani, na hakuwa na mtu wa kumlilia, kwa sababu Reuben alikuwa amesamehewa na jambo lilikuwa limefungwa. Huo ndio uchungu ambao sijawahi kuusema. Naamini katika msamaha kuliko ninavyoamini katika mkate. Lakini kwetu uliziba midomo kabla hatujamaliza kulia. Mama alikufa bila yeye na Saloma kulizungumza. Baba vilevile. Saloma alimpelekea Reuben mkate gerezani kila walipomruhusu, na Reuben alipotoka walisalimiana barabarani, waliulizana juu ya maziwa na mvua, wakasaidiana wakati wa mavuno. Hawakukaa tena wawili peke yao.

Usiku wa mkesha wake, Reuben alisimama kando ya jeneza chumbani kwa Mahlon. Wanawake walikuwa wamemvika Saloma aproni nyeupe na kitambaa cha mabegani alivyovaa siku ya harusi, vilivyokaa kwenye droo tangu siku ile kwa ajili ya siku hii.

"Yeye hakuruhusiwa kulitaja," Reuben aliniambia. "Mwenye ruhusa nilikuwa mimi. Nadhani alikuwa anangoja. Kila alipoleta mkate kwangu alikaa kidogo kwenye gari kabla ya kuondoka."

"Ungemwambia nini?"

"Asante," alisema. "Si neno refu."

Mahlon, aliyekuwa kitini upande wa pili, alimsikia. Alisogeza kiti cha pili karibu na jeneza akakipigapiga kwa kiganja. "Kaa, shemeji," alisema. "Mwambie." Tukatoka tukawaacha.

Tulimzika Alhamisi. Mhubiri alisoma juu ya kuumbwa na juu ya mavumbi, na hakumtaja. Magari yaliandikwa namba za mpangilio kwa chaki, yakafuatana polepole mpaka makaburini. Majirani walikuwa wamelichimba kaburi kwa mikono. Reuben aliomba achimbe nao wakamwachia sepetu. Jeneza lilifunguliwa mara ya mwisho, tukapita mmoja mmoja, Mahlon akiwa wa mwisho. Wanaume wanne waliliteremsha kwa mikanda, wakaweka mbao juu. Walipotupa udongo wa kwanza waliushusha taratibu, usidunde. Mhubiri alisoma maneno ya wimbo, wanaume tukavua kofia. Kaburi lilipojaa tulisali Sala ya Bwana kimyakimya, kila mtu moyoni mwake. Kisha Reuben alikwenda uzioni akafungua fundo la farasi wa Mahlon, akamshikia kamba mpaka alipopanda, na tukarudi nyumbani kula.